Hodi Mpaka Ndani

11 Februari

Kwa mpwa wangu, binti wa dada yangu marehemu,

Mimi mjomba wako nina miaka themanini na minne. Nimewazika wake wawili, nimeizika baiskeli niliyonunua kabla mama yako hajaolewa, nimemzika na yule daktari aliyenikataza tumbaku. Mwalimu wa ngumbaru aliyenifundisha herufi hizi naye ametangulia, kwa hiyo nikikosea hakuna wa kunisahihisha, na wewe usijaribu.

Huku wazima. Mbuzi mwenye pembe moja amezaa mapacha. Mke wa mwanangu anasema mimi mbishi, nami nambishia. Juzi vijana walishindwa na mwamba kwenye kisima cha zahanati wakaja kuniita, nikaketi kwenye kiti changu nikawaonyesha kwa fimbo pa kupiga, mwamba ukafunguka kama mkate. Visima vyote vya upande huu ni mkono wangu na hakuna hata kimoja kikavu. Waulize.

Sasa hiyo kadi yako. Miaka inapita hunitumii hata salamu ya mdomo, mara naletewa kadi yenye picha ya magofu, nyuma umeandika, "Mjomba, njoo utembelee makumbusho yetu, kuna kitu nataka ukisikie." Neno "ukisikie" silipendi. Makumbusho si mahali pa kuangalia vitu? Kusikia kumetoka wapi? Na hilo jina lenyewe. Makumbusho. Wanikumbushe nini? Mimi sijasahau kitu. Mtu akija kukukumbusha, jua kuna anachokitaka.

Tena bahasha imebandikwa gundi mara mbili. Nani aliifungua? Na kwa nini mimi, wakati ulikuwa na wajomba wanne? Wengine wamekufa, najua, niliwazika. Hilo ndilo linalonitia shaka zaidi. Mtu akitafutwa baada ya kubaki peke yake, ujue anatafutwa kwa ushahidi.

Usinipigie simu. Siku hizi kila mtu ananong'ona ndani ya simu. Andika, tena herufi kubwa.

Mimi mjomba wako, mchimba visima.

2 Machi

Shikamoo mjomba,

Tumefurahi kusikia habari za mapacha. Wangu nao hawajambo, mkubwa ameng'oka meno ya mbele na anajivunia pengo lake kama wewe unavyojivunia visima. Baba yao anakusalimu. Kukaa kwangu kimya unisamehe, sina la kujitetea. Bahasha niliibandika mwenyewe mara mbili, gundi ya posta haishiki.

Mjomba, kazi yangu unaijua, naongoza wageni. Asubuhi nawapitisha kwenye magofu ya mji wa wakoloni: nyumba ya gavana isiyo na paa, mahakama, jela, barabara ya mawe iliyoota majani. Jua likikali tunaingia jumba la makumbusho lililo kando. Mwaka jana zililetwa humo santuri za mzungu mmoja aliyekuwa akinasa sauti na lugha za watu, mji ulipokuwa bado mji. Wamezitengea chumba kidogo. Unabonyeza kitufe, unasikia mlango wa chuma unalia, halafu mwanamke anasema: "Hodi. Hodi bwana. Hodi mpaka ndani." Basi, kimya.

Ukutani pameandikwa: "Mwanamke asiyejulikana jina, akibisha hodi jela, akiomba kuingia ili amwone mumewe aliyefungwa." Wageni wengine hutoka wakifuta macho.

Mimi kila nikiisikia sauti ile namsikia marehemu mama yangu. Si yeye, yeye wakati huo alikuwa mtoto wa kubebwa. Lakini ni sauti ya nyumba yetu. Sasa nakuuliza jambo moja tu. Bibi, mama yenu, aliwahi kufika mji huu?

Wako mpwa.

9 Mei

Mpwa wangu, marahaba.

Barua yako ilikaa sana posta. Yule wa posta anasema niliichukua tangu Machi, lakini yule ni mtu wa kusema. Pacha mmoja wa mbuzi amekufa. Mwanangu amepata kazi ya ulinzi na sare amepewa kubwa, ukimwona utasema sare imemwajiri yeye. Mimi mzima. Kikohozi kilikuja kikaniona kikarudi.

Jibu ni hapana. Mama hakufika huko. Mwaka wa nzige alikwenda kumuuguza dada yake aliyejifungua, mvua zilipokwisha akarudi nyumbani. Hayo ndiyo yote.

Halafu nisikilize vizuri. Baba yangu hajawahi kufungwa, hata kamba ya kiatu, maana viatu hakuwa navyo. Wewe ukisimama huko ukasema mwanamke yule ni mama yangu, umemtia baba yangu jela, naye amelala kaburini hawezi kujitetea. Umelifikiria hilo? Au mliosoma hamfikirii marehemu wa watu?

Na hao wakubwa wako wanataka nini kwetu? Zamani mji ule hukuingia bila kibali. Leo mnatuuzia kibali kile kile, mnakiita tiketi, na ndani hamna hata paa.

Umewaambia nini? Nijibu hilo kwanza, salamu baadaye.

Mjomba.

28 Mei

Shikamoo mjomba, na pole kwa mbuzi. Hapa tuko salama.

Sijawaambia kitu.

Lakini mjomba, mimi niliuliza kama Bibi alifika mji huu. Sikuuliza mwaka wa nzige alikwenda wapi. Umenijibu swali nisilouliza, ndipo nami nikaanza kuliuliza. Dada yupi huyo aliyejifungua? Mama aliniambia Bibi kwao alizaliwa peke yake.

Kuna jambo nililiacha kwenye barua ya kwanza kwa sababu nilitaka ulisikie kwa masikio yako. Unajua kwetu tulivyokuwa. Bibi aliolewa akitoka mbali, Kiswahili hakijui, maneno ya mlangoni akayashika yakiwa yamegeuka. Akifika kwa watu anaita "Karibu!" Akiwa ndani, mtu akija, anamjibu "Hodi!" Babu alicheka akamwacha hivyo hivyo, nanyi wote mkakua hivyo. Mama yangu mpaka anakufa, mgeni akibisha, humjibu "Hodi, hodi, pita." Shuleni nilichekwa kwa ajili hiyo mpaka nikalia.

Wasomi wa hapa wanasikia "hodi mpaka ndani" wanasema huyu yuko nje, anaomba kuingia. Mtu wa nyumba yetu akisema hodi, yuko wapi mjomba? Wewe unajua. Kama ni Bibi, basi hakuwa nje ya jela.

Mwezi wa Septemba maneno ya ukutani yatachongwa kwenye bati la shaba, na shaba haifutwi. Mkuu wa makumbusho anasema pasipokuwa na mtu aliyemsikia kwa masikio yake mwenyewe, maneno yatabaki kama yalivyo. Umebaki wewe tu, mjomba.

Mpwa wako.

3 Juni

Mpwa,

Hujawaambia kitu, halafu mkuu anasema. Mkuu amelisemaje jambo asiloambiwa? Ameoteshwa?

Dada ni dada, si lazima mtoke tumbo moja. Mimi sijui zaidi ya hapo. Habari za hodi usiniandikie tena. Wote wazima.

Mjomba.

17 Julai

Shikamoo mjomba,

Uliniambia nisiandike, naandika. Ni kweli nilimwambia mkuu, tena kabla sijakutumia ile kadi. Niliogopa ukijua utajifungia. Hilo nimekosa.

Sasa na mimi nina langu. Nilikuwa likizo wiki mbili kwa ajili ya surua ya watoto. Nimerudi kazini, mlinzi wa mlango ananiambia alikuja mzee mmoja na fimbo, amevaa koti la sufu kwenye jua hili, akabishana kuhusu tiketi, akakigombeza kisima cha magofuni kama mtu, akaingia chumba cha santuri. Mlinzi anasema mzee alisimama mbele ya spika akajibu kwa sauti kubwa: "Karibu! Karibu mama!" Wageni walidhani ni sehemu ya maonyesho. Halafu akapanda ofisini kwa mkuu akafunga mlango. Mkuu namuuliza, ananiambia, "Kamuulize mjomba wako."

Kuna mtu mmoja tu duniani aliyebaki wa kuisikia sauti ile akaiitia "Karibu mama." Mjomba, ulifika mpaka hapa ukaondoka bila hata kunywa maji kwangu?

Mpwa wako, nasubiri.

6 Agosti

Mpwa wangu, marahaba, na watoto pole yao kwa surua. Mke wa mwanangu amekufungia karanga kidogo kwenye mfuko huu. Kama mfuko umefunguliwa, jua ni yule wa posta.

Ndiyo, ni mimi. Na nilikuja siku nilizojua hupo kazini, jirani yako aliyepita huku aliniambia. Mwenyeji akijua unakuja hufagia, nami nilitaka kuona uchafu.

Nimeuona mji wao. Kisima chao cha mawe ya kuchonga ni kizuri, sikatai, ila wamekipa mdomo mpana kama kinacheka, ndiyo maana mchanga umekijaza. Mimi nisingefanya hivyo. Nyumba ya gavana imebaki ngazi, unapanda unajikuta angani. Jela ndiyo imesimama vizuri kuliko zote, nikajisemea, ama kweli, kila mtu hujenga imara kile anachokipenda. Niliingia chumba kimoja baada ya kingine. Vidogo. Mtu mrefu hanyooshi miguu. Mama alikuwa mrefu.

Halafu nikaenda kwenye hiyo mashine yenu. Mbovu, nakwambia. Nilibonyeza sikusikia kitu. Nikamwambia mlinzi, "Imeharibika." Akasema, "Mzee, mbona mimi nasikia?" Nikamwambia, "Wewe unalipwa usikie. Fungua sauti." Akaongeza kidogo. Nikamwambia, "Wewe kijana, unapima dawa ya mtoto? Fungua!" Akaingia nyuma ya pazia akaifungua yote.

Basi mlango ukalia, nikadhani ni huu tuliouingilia. Na mama akasema.

Sitakuandikia nilivyokuwa. Chumba kizima kilijaa yeye, watu waliokuwa nje magofuni wakageuka kutazama. Mdomo wangu ukajibu wenyewe kabla sijauruhusu. Ukitoka machungani ukafika mlangoni kwetu unaita "Karibu mama," naye anasema "Hodi, hodi mpaka ndani," ndivyo tulivyoishi. Hapakuwa na mtu mwingine wa kusema vile, tena kwa kulivuta lile neno la mwisho namna ile, kama anakuvuta mkono usijikwae kizingitini.

Sasa nakuambia niliyoyajua. Tuliza moyo.

Mwaka wa nzige walikuwa wanakamata wanaume kwenda kubeba mawe ya bandari ya mji ule. Waliokwenda, wengi hawakurudi. Askari wakaja kwetu, baba akatorokea mlango wa nyuma. Hawakumpata. Wakamchukua mama, wakasema mumewe akija kubeba mawe, mke atarudi. Mimi nilikuwa nimesimama pale, nimeshika pindo la kanga yake mpaka askari aliponibandua vidole.

Baba hakwenda.

Mvua zikaanza, zikaisha. Mama akarudi kwa miguu yake, kichwa kimenyolewa, amekifunga kitambaa. Baba akatukalisha akatuambia, "Mama yenu alikwenda kumuuguza dada yake." Na mama, mpwa wangu, mama mwenyewe akasema, "Ndiyo, mtoto mzuri amezaliwa," huku anampakulia baba chakula. Sikuwahi kumsikia akisema lingine. Nasi tukasema hivyo hivyo. Nimesema hivyo kwa wake zangu wote wawili, na kwako wewe Mei.

Kwa hiyo nilipokuambia baba hajawahi kufungwa sikukudanganya. Hakufungwa. Niliacha tu kumalizia.

Ndiyo maana yale maneno ya ukutani yaliniuma kuliko kama ningekuta matusi. Eti mke anamlilia mume aliye ndani. Mmempa baba mahali pa mama. Yeye alikuwa nje kwenye vichaka anakula embe mwitu, na mama ndiye aliyekuwa ndani. Aliyekuwa mlangoni ni yule mzungu na sanduku lake la kunasia. Na mama, hana mkeka wa kumkalishia mtu, hana hata maji, mlango si wake na ufunguo si wake, akaona mgeni amekuja akamkaribisha mpaka ndani.

Nilipanda kwa mkuu wako nikamwambia yote. Ni mtu wa adabu, alinipa kiti kizuri. Lakini ana shaka kama mimi, na hapo nikamheshimu. Akasema, "Mzee, mtoto aliyefiwa na mama humsikia kila mahali. Na huyu mpwa wako ni mfanyakazi wangu, watasema mmepanga. Yuko nani nje ya nyumba yenu anayejua kwamba mlikuwa mkigeuza hodi na karibu?"

Nikamwambia, "Mimi nikisema imetosha, hakuna kisima changu kikavu." Akasema, "Mzee, sikuulizi habari za visima." Nikaondoka nimekasirika. Ndiyo sababu sikupita kwako, hasira si kitu cha kuingia nacho kwa mtu.

Nimekaa nalo. Wenzangu wote wa utotoni wameisha, amebaki mmoja tu, huyu fundi viatu tunayepakana naye. Amenizidi kidogo, basi anajiona kaka. Hatujasemezana tangu nilipomchimbia kisima maji yakatoka ya chumvi. Nilimtuma mke wa mwanangu akamwite, akakataa kuja. Ikabidi nijipeleke.

Nilikaa nje mlangoni kwake nikiwa sijui niseme neno gani, maana lolote nitakalosema ameshinda. Mwisho nikagonga kwa fimbo.

"Nani?"

"Mtu."

"Mtu huyu ananuka tumbaku. Umekuja kunywa maji yako ya chumvi?"

"Mimi nilikuahidi maji, sikukuahidi sukari. Nina shida."

Akafungua. Nikamweleza. Nilidhani atacheka, lakini akaweka chini kiatu alichokuwa anashona. Akasema, "Watu wa kinyumenyume nyie. Mama yako aliniponza mimi. Nilitumwa moto kwenu nimeshika kigae cha kubebea makaa, nikabisha hodi, akanijibu hodi. Nikabisha tena hodi, naye tena hodi. Nikaona huyu mama ananifanyia mzaha, nikarudi nyumbani bila moto, baba akanichapa. Sijasahau fimbo ile mpaka leo."

Nikamuuliza, "Utayasema hayo mbele ya mkuu wa makumbusho?"

"Nitayasema mbele ya yeyote. Nimengoja maisha yangu yote nipate wa kumshtakia."

Kwa hiyo tunakuja wote wawili mwisho wa mwezi huu, kabla hiyo shaba haijaguswa. Mwanangu atatusindikiza na sare yake. Safari hii tutafikia kwako, upike vya kutosha, fundi viatu anakula kama hana meno ya kupoteza.

Kwenye shaba wachonge kwamba mwanamke huyu yuko ndani na anamkaribisha mgeni. Jina lake nitalitaja mwenyewe, wao waliandike nikiwa nimesimama pale. Kuhusu baba nimekaa nalo sana, usingizi umenikimbia. Kwamba alikuwa mwoga wasiandike, maana mimi sikuwindwa, sijui ningefanya nini. Waandike tu kwamba mumewe alikuwa huru. Asomaye ajaze mwenyewe.

Na wakikuambia haya ni maneno ya mzee, waambie ninao wa kunithibitisha. Yuko mlinzi wako, aliyefungua sauti akaona nilivyokuwa, jambo ambalo mimi sikukuandikia. Uko wewe, uliyechekwa shuleni. Na yuko fundi viatu, shahidi mwenye nguvu kuliko sisi wote, maana hanipendi.

Mjomba wako.